Lakiri ya Wizara: Tope Linalopumua

Sanduku limemmeza, pumzi zinamwishia,
Nyayo nje zajitokeza, nani anamfikia?

Hapo ndipo tulipomwacha Honorata, msomaji wangu. Amejikunja ndani ya sanduku kubwa la plastiki, katika banda la utafiti la chuo kikuu, ufukweni Bangwe. Alijificha humo mwenyewe aliposikia watu wanakuja. Kifuniko kilipoanguka, komeo la nje likajifunga.

Kama ndiyo kwanza unaungana nasi, shika haya tukimbie pamoja. Honorata Nizigama ni afisa wa Wizara hapa Kigoma, dawati la utamaduni. Ngoma ya ukoo wao, ile wanayoiita Bibi, imetoweka nyumbani kwao Simbo. Ufunguo wa chumba cha ngoma alikuwa nao mtu mmoja tu, baba yake. Mlango haukuvunjwa. Mzee Nizigama yuko mahabusu na hasemi neno. Mchana huu anapandishwa kizimbani. Ngoma ikionekana, anatoka. Isipoonekana, anafungwa, naye kwa umri ule gerezani hatoki akiwa hai.

Honorata amenong'onezwa kwamba Bibi amefichwa kati ya masanduku ya tope la ziwa, yale yanayovushwa leo kwenda maabara ya ng'ambo ya ziwa. Ndiyo maana yumo humu.

Nyayo zikasimama kando ya kichwa chake.

Akaziba mdomo kwa kiganja. Jasho lilimwingia machoni, na hakuthubutu kulifuta.

"Hawa wasomi bwana!" Ilikuwa sauti ya Bariki, kuli wa pale ufukweni. "Ziwa limejaa migebuka, wao wanavua tope."

"Na wanalipwa kwa tope lao," mwanamke akajibu. Huyo ni Rozalia, mwanika dagaa, ambaye vichanja vyake vimegusana na banda. "Wewe wa migebuka unalala njaa."

"Tope hili lina digrii, mama. Usilifananishe na la kwenu Gungu."

"La kwetu Gungu limekushinda kupita na bodaboda, ukaangukia pua!"

Wakacheka. Ndani ya sanduku Honorata alikuwa anahesabu pumzi zake. Hewa ilikuwa nzito, yenye harufu ya matope na plastiki iliyochomwa na jua. Kifua kilianza kumbana.

"Masihara baadaye," ikasema sauti ya tatu. "Boti inasubiri."

Honorata nusura alie kwa furaha. Bwana Martini!

Martini ni mkuu wa ofisi ya Wizara Kigoma, bosi wake. Ndiye aliyempa ruhusa ya kumtafuta mwizi, akamwazima na gari. Ndiye aliyemwambia amchunguze Dokta Erasto wa dawati la utafiti. Martini mwenyewe hujitambulisha kuwa mtu wa Morogoro, mpole, hajui hata salamu ya Kiha. Siku moja ofisini aliuliza "mwiriwe" ni chakula gani, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Honorata akavuta hewa yote iliyobaki. Akafungua mdomo aite.

Pwa. Pwa.

Mdomo ukabaki wazi. Sauti haikutoka.

Makofi mawili ya viganja vilivyokunjwa kama kikombe. Polepole. Yakafuatwa na mkwaruzo mwepesi wa viganja vikisuguana, kama mtu anayenawa bila maji.

Akaufunga mdomo.

Simbo nzima humpigia Bibi makofi. Hakuna anayethubutu kuibeba ngoma ile bila kuipigia. Lakini kumaliza kwa kusugua viganja ni kwa waliozaliwa ndani ya nyumba ya Nizigama peke yao. Hawafundishwi wakwe. Hawafundishwi majirani. Na waliozaliwa ndani ya nyumba ile ambao wangali hai ni wawili, mzee na binti yake.

Mzee yuko mahabusu. Binti yuko ndani ya sanduku.

Basi nje kuna nani?

"Hili la pembeni libebeni taratibu," Martini akasema. Sauti yake ilikuwa karibu mno, upande wa kulia wa Honorata. "Lina chupa za kupasuka."

"Bosi, unasali kwanza?" Bariki akauliza. "Nimekuona na mikono."

Nguo ikasikika ikikung'utwa.

"Vumbi," Martini akasema. "Nakung'uta vumbi."

Mara kitu kikagusa komeo la sanduku la Honorata. Waya. Aliusikia ukipenya tundu la kwanza, ukipenya la pili. Kisha koleo likabana. Kap!

Lakiri!

Msomaji, ielewe lakiri hii uone jinsi kaburi linavyochimbwa kwa sheria. Wizara pale Kigoma ina madawati matatu. La kwanza linasimamia vyuo, la pili utafiti, la tatu utamaduni. Kila sampuli ya utafiti inayotoka mkoani hupigwa lakiri, yaani waya na muhuri wa madini ya risasi, na ikishapigwa, polisi haigusi, forodha haigusi, hata afisa wa dawati jingine haigusi, mpaka ifike inakokwenda. Sheria iliwekwa ili wajanja wasiibe mali ya nchi kwa jina la utafiti. Leo sheria hiyo hiyo ilikuwa inamfunika mwizi kama blanketi.

Na imemfungia Honorata humo ndani.

"Namfuata nahodha," Martini akasema. "Nikirudi nikute yote yamepakiwa."

Nyayo zikaondoka.

Piga kelele? Akirudi je? Akae kimya? Hewa inakwisha. Ng'ambo ni safari ndefu, na atakayefunguliwa huko atakuwa maiti.

Sanduku likanyanyuka upande mmoja.

"Mama yangu!" Bariki akaguna. "Hili limeshiba!"

"Beba, mwanamume wewe! Au nikuletee kanga ujifunge?"

Likanyanyuka, likayumba, likamponyoka Bariki. Puu! Kichwa cha Honorata kikagonga ukuta wa plastiki.

"Aaah!"

Nje nyayo zikarudi nyuma hatua mbili.

"Bariki," Rozalia akanong'ona. "Wewe ndiye umelia?"

"Mimi? Mimi nalia hivyo?"

"Basi ni nani?"

Honorata akagonga kwa kidole. Tok, tok. "Nifungueni! Nakufa!"

"Yoo! Tope linapumua!" Rozalia alipiga yowe, na ndoo ikaanguka, na ndala zikasikika zikikimbilia mchangani. "Tope linapumua, jamani! Linaongea Kiswahili!"

"Mama Rozalia, ni mimi! Honorata, binti wa Mzee Nizigama!"

Ndala zikasimama. Zikarudi, moja moja.

"Honorata yupi?"

"Wa Wizarani! Juzi nilinunua dagaa kwako, ukaninyima nyongeza!"

"Ni yeye huyo," Rozalia akasema mara moja. "Bariki, fungua!"

"Sifungui! Hiyo lakiri ya serikali. Ukikata, ni jela. Ndugu yangu alikata moja ya mwani tu, tukamsahau sura!"

"Serikali ndiyo iliyomo ndani, wewe mjinga!"

"Serikali ya utamaduni hiyo!" Sauti ya Bariki ikasogea mbali. "Hili ni sanduku la utafiti. Dawati jingine! Dada Honorata, samahani, lakini una kibali cha utafiti?"

Honorata angecheka kama angekuwa na pumzi ya kuchekea. Macho yalianza kuona nyota gizani.

"Bariki," alisema, na sauti ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi. "Tope halina baba. Mimi ninaye."

Pumzi ikamwishia. Hakuweza tena.

Akasikia Rozalia akitukana kwa Kiha, tusi refu lenye ukoo mzima wa Bariki ndani yake, na kisha kisu cha kupasulia samaki kikikereza waya. Tang! Kifuniko kikaruka. Mwanga wa mchana ukamwangukia usoni, na hewa ya ziwa ikamwingia kifuani kwa kishindo hata akakohoa.

"Mtoto wa watu!" Rozalia akamvuta nje. "Nani kakufungia humu?"

"Bosi yuko wapi?"

"Gatini, kwa nahodha. Sasa hivi anarudi."

Mbio, dada! Wewe msomaji ungemwambia hivyo. Mlango uko wazi, barabara iko pale, bodaboda zinapiga honi.

Honorata hakukimbia. Aligeukia upande wa kulia, kwenye sanduku lililokuwa limegusana na lake.

"Mama Rozalia, kata na hili."

"Nimeshakata moja!"

"Basi ukikata mawili jela ni ile ile. Kata!"

Rozalia akakata. Honorata akanyanyua kifuniko. Juu palikuwa na magunia yaliyolowa. Akayatupa. Chini ya magunia, ngozi. Ngozi nyeusi ya ng'ombe, iliyokazwa kwa vigingi vya mti, na alama ya mkono wa babu yake ikiwa imechomwa ubavuni.

"Bibi," akasema, akaweka kiganja juu ya alama ile.

Bariki alikuwa ameshatoa simu. "Afande Dismasi? Afande, ngoma ya Simbo iko huku Bangwe! Naiona kwa macho yangu! Uko wapi? Eh? Uko naye garini? Geuza, afande, geuza! Mahakama haikimbii!"

Akakata simu, uso unang'aa. "Dada, anampeleka mzee mahakamani sasa hivi. Yuko naye garini. Wanakuja!"

Honorata akaivuta ngoma nje ya sanduku, akaikumbatia. Baba atatoka. Leo hii hii baba atalala nyumbani.

"Bariki. Rozalia. Tokeni nje."

Sauti ilitoka mlangoni. Haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililowatisha.

Martini alikuwa amesimama pale, koti begani, na mkononi galoni la petroli ya boti.

"Bosi, tulisikia tope..." Bariki alianza.

"Nje."

Wakatoka. Bariki alifika mbali. Rozalia aliishia nyuma ya bati, penye tundu, sikio limeganda hapo.

Martini akafunga mlango kwa kisigino. Akamtazama Honorata, akaitazama ngoma. Kisha akasema kwa Kirundi safi, cha mtoto aliyekinyonya ziwani mwa mama, "Mwiriwe, mushiki wanje."

Dada yangu.

Honorata alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. "Wewe ni nani?"

"Umenisikia nikipiga makofi. Unajua."

"Sina kaka."

"Hukuambiwa." Akafungua kifuniko cha galoni. "Mwaka tisini na tatu. Ufukwe wa upande ule wa ziwa. Bunduki zinalia milimani, mtumbwi umejaa watu mpaka maji yanaingia. Mwenye mtumbwi akamwambia baba, nafasi imebaki moja, ngoma au mtoto."

"Nyamaza."

"Nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimemshika shati."

"Nyamaza, nimesema!"

"Akaipakia ngoma, akasema, kaa hapa, nakufuata." Martini akacheka, na kicheko hicho kilimtoka kama kikohozi. "Nikakaa. Mchana, usiku, na mchana mwingine. Masista walinichukua nikiwa bado nimeketi palepale, nikakataa kuondoka, wakanibeba."

Honorata alitikisa kichwa. Lakini alikuwa ameshayaona masikio yale, yaliyojitenga na kichwa, masikio ya baba yake. Miaka miwili ofisi moja, na hakuwahi kuyatazama.

"Kwa hiyo ukaiba," akasema.

"Sijaiba!" Kwa mara ya kwanza sauti ya Martini ilipanda. "Wizara ilipoagiza ngoma za kale zipimwe na chuo, nilikuja Simbo kukagua kama mkuu wa ofisi. Unakumbuka, uliniongoza mwenyewe. Nilipofika mbele ya Bibi mikono ikanisaliti, kama leo. Wewe ulikuwa umetoka kunitafutia kiti. Mzee aliona. Hakusema kitu. Kesho yake nikarudi peke yangu, nikamwambia naitaka. Akaingia chumbani, akaitoa, akanitwika kwa mikono yake."

Ndiyo maana hasemi, Honorata akawaza. Ndiyo maana mlango haukuvunjwa. Akilini mwake kila kitu kiliangukia mahali pake kwa sauti ya kutisha.

"Na ukamwacha akamatwe. Ukanituma nimfuate Dokta Erasto, mtu wa watu, asiye na kosa!"

"Nilitaka siku chache tu, dada. Ningeivusha, ningeiweka pale mchangani aliponiweka mimi. Nisingeivunja, nisingeiuza. Ningeiacha tu ikae."

"Na baba?"

Martini aliitazama ngoma. Akainamisha galoni.

Petroli ikamwagika juu ya ngozi ya Bibi, ikateremka mbavuni, ikafika sakafuni, ikalowesha viatu vya Honorata. Harufu ilijaa banda zima.

"Martini, usifanye hivyo!"

"Umekata lakiri. Haivuki tena. Basi isiende popote." Mkono wa pili ukatoka mfukoni na kiberiti cha gesi, kile kisichozimika mpaka kifunikwe. "Toka nje. Sina ugomvi na wewe, ulizaliwa umeyakuta haya."

"Ikiungua, baba anafungwa!"

"Toka, Honorata."

"Sitoki!"

Akajitupa juu ya ngoma, akaikumbatia kwa mikono na miguu, gauni lake likinyonya petroli. Aliogopa. Usidhani hakuogopa! Mtu anayesimama katika petroli bila woga hana akili, na Honorata alikuwa nayo.

Chaki! Mwali mdogo ukawaka kwenye kidole gumba cha Martini.

Nje, gari likafunga breki mchangani. Milango ikafunguka. "Humu, afande, humu!" Bariki alikuwa analia. "Wanachomana!"

Mlango ukapigwa teke. Afande Dismasi akaingia, mtu mnene, bastola mkononi, na hatua moja tu ndani akanusa, akasimama kama mti.

"Asisogee mtu," akasema polepole. "Bwana Martini, mkuu wangu. Zima hiyo."

"Ukipiga risasi, kidole kinalegea," Martini akamjibu. "Tunakwenda wote."

Afande akaishusha bastola. Jasho lilimchuruzika kwenye kidevu.

Ndipo mtu wa pili akapenya ubavuni mwake. Mzee Nizigama, shati limechakaa, pingu mikononi. Hakuna aliyemzuia, maana hakuna aliyemwona akishuka garini.

Mzee aliitazama ngoma. Akamtazama binti yake juu yake, amelowa. Kisha akamtazama mwanamume mwenye moto mkononi, akamtazama kwa muda mrefu, na midomo yake ikacheza bila sauti.

"Baba!" Honorata akalia. "Ngoma hii hapa! Umeshinda! Waambie!"

"Mzee," Afande Dismasi akasema bila kuondoa macho kwenye mwali. "Mtu huyu unamfahamu?"

Mzee akasogea mpaka akasimama ndani ya petroli pamoja nao.

"Simfahamu," akasema. "Ni bwana mkubwa wa Wizara, alikuja nyumbani mara moja kukagua. Ngoma niliiuza mimi, afande. Niliwauzia watu nisiowajua, kwa tamaa yangu. Huyu ameikamata, anakasirika kwa niaba ya serikali. Andika hivyo. Nirudishe garini."

"Baba, unasema nini?"

"Andika, afande."

Mkono wa Martini ukaanza kutetemeka, na mwali ukatetemeka pamoja nao. Kidole gumba kilikuwa kinaungua, na hakukiondoa. Machozi yalimtoka yakaanguka kwenye petroli.

"Muongo," akanong'ona. "Hata leo unaniacha. Hata jina langu hutaki kulitaja."

"Afande," Rozalia aliyesikia yote akapayuka mlangoni, "mzee anadanganya, dada anajua kila kitu!"

Afande Dismasi akameza mate. "Sikilizeni. Mzee amekiri, lakini ngoma nimeikuta mikononi mwa mkuu wa ofisi, ndani ya lakiri ya ofisi yake. Mimi polisi mkuu huyu siwezi kumgusa bila kauli ya Wizara. Na ngoma ni mali ya dawati la utamaduni." Akageuza shingo taratibu. "Dawati hilo ni lako, Afisa Honorata. Sema wewe. Nimfunge pingu nani?"

Macho yote yakamgeukia. Macho ya baba yalikuwa yanamwomba, na hayakuwa yanaomba kuokolewa. Macho ya kaka yalikuwa yanangoja, kama ya mtoto aliyeketi mchangani.

Akimtaja kaka, kidole kinalegea. Akimtaja baba, gereza linamla. Akinyamaza, gesi ya kiberiti inakwisha, na hakuna ajuaye mkono ule utafanya nini kabla haijaisha.

Honorata aliteremka taratibu kutoka juu ya ngoma. Akasimama katikati ya wanaume wawili wa damu yake, gauni likichuruzika petroli.

"Mwizi wa ngoma hii," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake haikutetemeka, "namjua kwa jina."

Akanyoosha kidole. Na kiberiti kikamponyoka Martini, mwali ukiwa bado unawaka. Tukutane sehemu ijayo, msomaji wangu.